Usisubiri Kugongewa Mlango

Mwanangu,

Baba yako amenipigia kunieleza kwamba viza imetoka na kwamba mwisho wa Septemba utakuwa Osaka, kwenye bweni la chuo kule Suita. Nimefurahi mno, na nimemwomba Mungu akutangulie. Kuhusu masomo yako sina la kukufundisha. Hayo mtayajua wewe na profesa wako. Mimi shangazi yako niliishi kule nikiwa mke wa mwanafunzi, nikalea watoto kule, nikafanya vibarua vya usiku kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula, nikafahamiana na kina mama wa jengo zima. Kwa hiyo nasaha zangu ni za mlangoni, jikoni na kwenye ngazi. Vijana wetu wengi darasani hawana shida. Wanaposhindwa ni hapo.

Kitu cha kwanza kitakachokuuma ni ukimya. Mtu akihamia Ngamiani, huku kwetu Tanga, kabla hajafungua mizigo watoto wameshajaa barazani, na kabla ya magharibi jirani ameshaleta sahani iliyofunikwa. Kule utaingia ndani, utafunga mlango, wiki itaisha, na hakuna atakayegonga. Utapishana na mtu kwenye ngazi, atainamisha kichwa na kupita. Kwenye treni, kiti cha pembeni yako kinaweza kubaki kitupu huku watu wamesimama. Kijana mgeni akiona hivyo mara kumi, anaamua moyoni kwamba hapendwi. Naye anajifungia. Mwaka wa pili unamkuta anaijua Japani kupitia simu yake tu, na rafiki zake wote ni wa nyumbani.

Naomba ulielewe jambo hili kabla hujapanda ndege. Mtoto wa Kijapani tangu shule ya chekechea anafundishwa asiwe mzigo kwa mwenzake: asipige kelele, asichelewe, asimsumbue mtu kwa shida zake. Jirani asiyegonga mlango wako anadhani amekupa raha. Pengine pia anaogopa kwamba utamjibu kwa Kiingereza, naye hakijui. Halafu kwa desturi ya kule, anayekwenda kujitambulisha ni aliyehamia, si mwenyeji. Wewe ukisubiri agonge kwa sababu ndivyo mwenyeji anavyofanya kwetu, na yeye akisubiri ugonge kwa sababu ndivyo mgeni anavyofanya kwao, mtakaa ukuta kwa ukuta mpaka umalize shahada na hamjuani majina.

Basi gonga wewe. Bweni la chuo ni la muda. Baadaye utapanga fleti mtaani, na hapo ndipo jambo hili lina uzito. Ndani ya siku chache za kuhamia, nenda kwa jirani wa kulia na wa kushoto, wa juu yako na wa chini yako. Nenda mchana wa Jumamosi au Jumapili, usiende usiku. Chukua zawadi ndogo sana, kwa sababu zawadi kubwa itamtia mtu deni la kurudisha. Wao hupeleka taulo, sabuni au biskuti. Wewe beba kutoka huku pakiti ndogo za kahawa ya Kilimanjaro. Kahawa yetu kule inauzwa kwa jina hilo, na hata bibi asiyeweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani anaujua mlima huo kwa sababu ya kikombe chake cha asubuhi. Toa zawadi kwa mikono miwili, sema jina lako, sema unatoka wapi na unasoma nini, omba akuelekeze ukikosea, inama, uage. Yote yaishie pale mlangoni, kwa dakika mbili. Vijana wa Kijapani wenyewe siku hizi wameanza kuliacha jambo hili, hasa wasichana wanaoishi peke yao, kwa hofu ya usalama. Usiwafuate. Wewe una sura ngeni, na sura ngeni isiyojitambulisha humtia mtu wasiwasi hata kama hana ubaya.

Ukimkuta mzee wa rika langu, mtaje Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu. Wapenzi wa marathoni wa rika hilo wanamkumbuka. Mwaka 1983 pale Fukuoka aliachwa na Seko, mkimbiaji wao, kwa sekunde tatu tu, kisha akashinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na tena 1986. Nimewaona wazee wakitabasamu kwa jina hilo na kuanza kunieleza walikuwa wamekaa wapi siku ile walipotazama mbio kwenye televisheni. Kilichobaki ni kusikiliza.

Sasa takataka. Usicheke, hili ni kubwa kuliko unavyofikiri. Kila manispaa ina ratiba yake: siku za vinavyochomwa, siku ya plastiki, siku ya makopo na chupa, siku ya magazeti na maboksi. Baadhi ya miji ina mifuko yake maalumu ya kununua, Kyoto kwa mfano. Katika mji mdogo wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, watu hutenganisha takataka katika makundi zaidi ya 40. Suita hakujafika huko, lakini chupa ya maji utaivua kifuniko na karatasi na kuisuuza, na magazeti utayafunga kwa kamba. Mfuko unatolewa asubuhi ya siku yenyewe, hautolewi usiku wa jana yake, na unafunikwa kwa wavu kwa sababu ya kunguru. Katika miji mingi fanicha au godoro halitupwi hivihivi: unapanga siku, unanunua stika dukani, unaibandika.

Ukikosea, wazoaji wanauacha mfuko wako pale pale na karatasi inayoeleza kosa. Kijana wa Kitanzania anadhani mambo yamekwisha, manispaa itajua yenyewe. Haitajua. Mahali pale panatunzwa na wakazi kwa zamu, na aliye zamu wiki hiyo mara nyingi ni mama mtu mzima anayeishi ghorofa ya pili na magoti yanamuuma. Yeye ndiye atakayeufungua mfuko wako, atenganishe uchafu wako kwa mikono yake, na hatakwambia neno. Hatakwambia kamwe. Utaendelea kumwamkia asubuhi na yeye atakujibu vizuri, huku anakubebea mzigo. Ndiyo maana nasema ukimya ule usiuchukulie kuwa ni ruhusa. Kwetu mtu akikosea anaambiwa hapohapo, kwa sauti, na jioni watu wanakunywa chai pamoja. Kule inabidi ujichunguze mwenyewe: tazama wengine wanatoaje, uliza kabla, na ukiona mfuko wako umerudishwa, uchukue upesi.

Sauti ni vilevile. Kuta na sakafu za fleti za bei nafuu ni nyepesi, na saa nne usiku watu wamelala. Simu na nyumbani utaongea kwa sauti ya chini, mashine ya kufulia usiiwashe usiku, na ukikaanga samaki washa feni ya jikoni. Kwenye treni simu haipigwi wala haipokelewi. Kwenye ngazi za umeme Osaka watu husimama kulia, Tokyo kushoto. Viatu vinavuliwa mlangoni, na zile ndala za chooni haziingii chumbani. Haya utayaona kwa macho na kuyashika ndani ya mwezi, sina haja ya kuyarefusha.

Mtaani kuna ubao mdogo wenye matangazo unaopita nyumba kwa nyumba. Unasoma, unatia alama kwamba umeona, unaupeleka kwa anayefuata. Ndani yake kuna siku ya usafi, zoezi la zimamoto, sherehe ya kiangazi, pengine na habari ya paka aliyepotea. Wageni wengi hawaletewi ubao huo kwa sababu wenyeji wanadhani ni kuwasumbua. Uombe. Mwambie mwenyekiti wa mtaa kwamba unataka kuingizwa. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kule wangelikuta jembe lenyewe: asubuhi ya Jumapili watu wanatoka na glavu na mundu kung'oa majani kuzunguka jengo, na baadaye wanapeana chai baridi ya chupa. Sisi tulikaa Senri, kwenye majengo ya ghorofa tano yasiyo na lifti, ya mji mpya ulioanza kupokea wakazi mwaka 1962. Majirani zangu walikuwa wamehamia wakiwa vijana, wakazeekea palepale. Kwa miezi mingi walinijibu salamu tu. Nilipoanza kwenda kung'oa majani nao, walinijua jina, wakawajua watoto wangu majina, na mmoja akaanza kunifundisha kusoma barua za shule.

Kuna sababu nyingine ya kutaka ujulikane, nayo ni ya uhai na kifo. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 ardhi ilitetemeka Kobe, mji ulio jirani kabisa na huko unakokwenda. Walikufa watu 6,434. Wengi waliotolewa wazima chini ya vifusi hawakutolewa na zimamoto wala jeshi. Walitolewa na jamaa na majirani, kwa mikono na jeki za magari. Katika mji mdogo wa Hokudan, kisiwani Awaji, karibu na kitovu cha tetemeko, watu walijuana kiasi kwamba kila mmoja alijua bibi wa nyumba fulani analala chumba kipi, upande gani. Wakachimba hapohapo, na siku ileile walikuwa wamemaliza kuwatoa waliofukiwa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi sana. Fleti ikianguka, nani kule atajua kwamba ndani kuna kijana wa Tanga, na kwamba analala dirishani?

Kwa hiyo siku ya kwanza kwenye chumba chako, fanya haya. Kitanda kisikae chini ya kabati la vitabu. Viatu na tochi viwe karibu na unapolala, kwa sababu vioo huvunjika. Weka mfuko wenye maji, chakula kikavu, dawa, nakala ya pasipoti na fedha taslimu, maana umeme ukikatika kadi hazifanyi kazi. Tafuta mahali pa kukimbilia pa mtaa wako. Mara nyingi ni shule ya msingi. Simu yako italia mlio wa kutisha sekunde chache kabla ya mtikisiko: ingia chini ya meza, linda kichwa, usikimbilie nje huku vigae vinaanguka. Wao hupima mtikisiko kwa kipimo chao kinachoanzia 0 hadi 7. Wa 2 au 3 utauzoea. Siku ya zoezi la mtaa nenda, hata kama huelewi maneno. Nia yenyewe ni uso wako uonekane. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 119, na gari hilo halitozwi.

Karatasi usizichezee. Kadi ya ukaazi utapewa uwanjani, utembee nayo kila siku. Ndani ya siku 14 baada ya kupata makazi, andikisha anwani ofisi ya manispaa, na hapohapo ujiunge na bima ya afya. Ukiugua utalipa asilimia 30 na bima italipa inayobaki. Kama umetimiza miaka 20 wanakuhesabu pia kwenye mfuko wa pensheni. Omba unafuu wa wanafunzi dirishani, usiikunje barua na kuiweka chini ya godoro. Kibarua kinahitaji kibali, na ukikipata ni saa 28 kwa wiki, si zaidi, isipokuwa likizo ndefu ya chuo. Wapo watakaokwambia kila mtu anazidisha. Siku ya kuongeza muda wa viza hao hawatakuwepo dirishani pamoja nawe. Na ukipewa baiskeli na rafiki anayeondoka, hamisha usajili wake uwe kwa jina lako, maana polisi husimamisha baiskeli usiku na kutazama namba.

Sitakuficha kwamba si kila mlango uliofungwa umefungwa kwa haya. Mingine imefungwa kwa kukataa. Wizara ya Sheria ya Japani ilitangaza mwaka 2017 matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba karibu wanne katika kila wageni kumi waliotafuta nyumba walikataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Linaumiza, na hulistahili. Likikupata, usibishane na wakala. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, wao wanajua mawakala wanaopokea wageni na jinsi ya kupata mdhamini. Lia ukitaka kulia. Lakini usichukue ubaya wa mwenye nyumba mmoja ukamvika yule mama wa ghorofa ya pili.

Maabarani fika kabla ya saa iliyosemwa, na ukichelewa hata dakika tano tuma ujumbe. Profesa au mwenzako akikwambia jambo ni gumu kidogo, au kwamba atalifikiria, huku ameinamisha shingo, amekukatalia. Usimrudie kesho yake. Lako likishindikana, toa taarifa mapema likiwa dogo. Watakualika mikusanyiko ya jioni yenye pombe. Hapa kila mtu na dhamira yake na dini yake. Ukiona unaweza kukaa, kaa na chai yako ya oolong, changia sehemu yako, hakuna atakayekulazimisha. Ukiona huwezi, eleza sababu waziwazi, kisha uwe wa kwanza kwenye chakula cha mchana. Wanachokijali ni kwamba umekuja kukaa nao. Ukikataa jioni na mchana pia, wataacha kukualika, na wataacha kwa adabu sana.

Chakula hakitakushinda. Bamia, malenge, viazi vitamu na samaki wapo. Kuku wa Brazil aliyegandishwa mwenye alama ya halali yupo kwenye maduka ya jumla, na kwa wauzaji wa Kipakistani na Kihindi utapata mchele mrefu wa pilau, tui la kopo na viungo. Jifunze mapema kuzitambua alama za maandishi za nguruwe na pombe kwenye pakiti, maana hujificha kwenye supu, mikate na hata sosi. Ijumaa ukiweza, panda treni mpaka Sannomiya, uende msikiti wa Kobe. Ulifunguliwa mwaka 1935, wa kwanza nchini humo. Ulisalimika kwenye mabomu ya 1945, na tetemeko la 1995 ulilistahimili hata ukahifadhi waliokosa makazi. Utamkuta Mturuki, Mwindonesia, Mmisri na Mjapani safu moja.

Jihadhari na Desemba. Sisi jua letu ni lilelile mwaka mzima. Kule Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na nyumba ni baridi ndani kama nje. Ndio mwezi ambao vijana huvunjika moyo. Nunua koti hukohuko, usihangaike na mitumba ya huku. Na usikae chumbani. Chuo chako kina Wajapani wanaosomea Kiswahili, kampasi ya Minoh, jirani na Suita. Nenda ukajitolee kuzungumza nao. Wao wana kiu ya kumsikia msemaji, na wewe utapata watu wa kukusahihisha Kijapani bila kukuonea haya. Lugha yao matamshi hayatakutesa, irabu zao ni tano kama zetu. Maandishi ndiyo kazi: herufi za sauti zishike kabla hujaondoka, seti zote mbili, 46 na 46, ili angalau usome jina la kituo na alama za takataka. Zile nyingine, zaidi ya elfu mbili, utazisoma kidogokidogo maisha yako yote ya kule.

Mama yako usimpigie ovyo. Japani imetutangulia saa sita, na hapo kuna neema ambayo Mswahili pekee ndiye huiona: mshale wa saa ya ukutani ya kule unaonyesha namba ileile tunayoitaja sisi. Kwao ikionyesha tatu mchana, Tanga ni saa tatu asubuhi. Ikionyesha tisa usiku wao, huku ni saa tisa alasiri, mama yako ameshapumzika, mpigie hapo. Ikionyesha sita asubuhi, huku ni saa sita usiku, mwache alale. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Anataka kukusikia kila siku, nami namjua wifi yangu, lakini kijana anayemaliza kila jioni akiwa Tanga kwa simu hafiki Osaka.

Ukishapanga fleti, nitumie majina: wa kulia, wa kushoto, wa juu, wa chini, na mwenyekiti wa mtaa. Kama wa juu ni mzee anayeishi peke yake, muulize siku ya kutoa magazeti ni lini, umshushie yale mafurushi.